Masikio ya Tofi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hainipiti kooni, na leo umenikumbusha wewe mwenyewe kwa hicho ulichokipakata. Hebu mweke chini huyo mtoto wa mbwa. Hapo kwenye saruji, si mkekani, mkeka huu nauswalia. Haya. Nimemwona. Masikio marefu mpaka anayakanyaga mwenyewe, macho ya kuomba, manyoya ya kupindapinda. Wanieleza kwamba anaitwa spanieli kana kwamba mie sijapata kumwona. Nimepata, mwanangu. Laiti nisingepata.

Umekuja kwa bibi yako usemewe. Mumeo hataki mbwa nyumbani, wanao wanamlilia, na mwenzio wa kazini aliyekupa anangoja jibu. Umeona niende nikamlainishe mumeo kwa maneno matamu. Sijui kama nitakwenda. Nasaha nimewapa wengi katika ukoo huu, wakaitikia "ndiyo bibi," kisha wakatoka hapo mlangoni wakafanya yao. Kwa hiyo sina tamaa kubwa hata nawe. Lakini nitasema, maana nisiposema nitakuja kuulizwa mbele ya Mungu. Iweke hiyo simu, uketi.

Wakati huo mie ni msichana mkubwa, sijaolewa, nasi twakaa hapa hapa Ziwa la Ng'ombe, nyumba hii hii, kabla haya magorofa hayajatuzibia upepo. Baba yangu, Mzee Athumani, ambaye wewe hukumdiriki, alikuwa mtunza bustani kule Nyali kwa bibi mmoja mjane. Bibi yule hakuwa na mtu ila mbwa wake, spanieli wa rangi ya tofi, na jina akampa hilo hilo, Tofi. Mbwa wa ndani yule. Alilala kwenye zulia, alilishwa kwa mkono, alipigwa brashi kila asubuhi. Bibi alipozidi kuzeeka na mikono kumtetemeka, kazi ya brashi ikawa ya baba.

Bibi akafariki. Wanawe wakaja kutoka ng'ambo, wakauza nyumba, na mbwa wakasema ni mzee huyu, apigwe sindano alale moja kwa moja. Baba hakubishana nao. Jioni tukamwona anaingia kwa mlango wa uani, kamba mkononi, na Tofi nyuma yake akitembea kwa adabu, kama mgeni asiyejua akae wapi.

Mama alishika kiuno. Mama yangu alikuwa mtu wa twahara sana, nyumbani kwake ungeweza kutandika msala popote ukaswali. Akasema ndani haingii mbwa, na huo ua ndio tunaofulia na kupikia, je, mate yake yakidondokea chombo tutafanyaje? Baba akamjibu kwamba Tofi hataingia ndani wala hatagusa chombo. Na kweli hakuingia, Mungu shahidi. Baba alimjengea kibanda ukutani, chini ya dirisha la chumba chake, akakiezeka kwa makuti kisishike joto.

Sasa sikiliza alivyomtunza, maana kisa chote ki hapa. Nyuma ya mlango wa uani palikuwa na msumari, na msumarini shati lake kuukuu. Sisi tukiliita shati la mbwa, tukicheka. Kila siku baada ya alasiri baba alivua kanzu akavaa shati lile, akatoka na brashi na kitambaa. Alimchana Tofi manyoya, akayatafuta mafundo nyuma ya masikio na makwapani, akamtoa kupe. Kisha alinyanyua sikio moja, akalichungulia, akalinusa, akalipangusa ndani kwa kitambaa kikavu, na la pili vile vile. Siku akimwosha, alikaa naye juani mpaka masikio yakauke kabisa, hata kama magharibi i karibu. Akimaliza alivua shati, akaenda bombani na kopo lake la mchanga, akaosha mikono mara saba kama dini inavyotaka, akatia udhu, akaenda msikitini.

Hakuna aliyemwuliza kwa nini masikio. Naye hakueleza. Nadhani aliona haya, mzee mzima na kanzu yake na kofia yake ya viua, ijulikane kwamba anampenda mbwa. Alimpenda kimyakimya, kama mtu anayekula kwa kujificha.

Nasi Tofi tulimzoea, lakini kwa mbali. Asubuhi alinijia mlangoni akitikisa mwili mzima, si mkia tu, mie nikimfukuza kwa mguu asinigusie nguo. Alidhani nacheza naye. Mwanangu, hawa spanieli hawajui kununa. Ukimfukuza saa hii, saa ijayo amekuja tena na macho yale yale. Ndiyo maana nasema ni mbwa wa kuhurumia, maana hata ukimdhulumu hakwambii.

Basi siku moja baba akaanguka pale pale bombani. Kiharusi. Tukamkimbiza hospitali, akarudi na uhai wake, lakini upande wa kulia umekufa na ulimi umefungika. Baba aliyekuwa na sauti ya kuadhini alibaki na mlio mmoja wa kooni, na mkono wa kushoto. Tukamlaza chumbani, dirisha likimtazama uani. Tofi alipomsikia alijaribu kupanda dirishani, akakwaruza ukuta kutwa nzima, mpaka ikabidi tumfunge kamba.

Hapa nataka unielewe, usije ukamwona mama yangu kuwa mkatili. Hakuwa mkatili. Alimsongea yule mbwa ugali na dagaa kila siku, siku nyingine yeye mwenyewe hajala, kwa sababu ni wa baba. Sahani akiisukuma kwa fimbo ya ufagio, maji akiyamimina kwa kikombe chenye mkono mrefu. Chakula, maji na kivuli Tofi alipata. Mkono wa mtu ndio hakuupata tena. Shati la mbwa lilibaki pale msumarini, na hakuna aliyeona kuwa linamhusu.

Ikaingia masika. Unaijua masika ya huku Kisauni, nguo hazikauki, kuta zinaota ukungu. Manyoya ya Tofi yakashikamana, akaanza kunuka. Mama akasema mbwa hunuka, ndiyo hali yake, cha kufanya ni kumwosha. Basi ikawa kila Ijumaa asubuhi mama anachanganya maji ya sabuni kwenye ndoo, mie nasimama kizingitini nammwagia kwa mbali, kisha ndoo ya pili ya maji matupu. Chwa! Tofi anajikunyata hapo kwenye kamba, anatikisa kichwa, masikio yanapiga pa pa pa. Nami naingia ndani nimeridhika kwamba tumetunza amana ya baba. Wallahi nilijiona mtu mwema.

Harufu ikazidi. Nasi tukazidi kumwosha.

Kule ndani baba alianza kushika sikio lake. Alilishika kwa mkono wa kushoto, akalivuta, akatoa ule mlio wake, akatutazama mmoja mmoja. Mama akasema masikini, sikio lamuuma. Akapasha mafuta ya nazi na kitunguu saumu, akamdondoshea. Baba akakipiga kikombe kikamwagika. Akaletwa muuguzi akammulika kwa tochi, akasema sikio safi, halina kitu. Baba akalivuta zaidi. Shangazi akasema labda asikia sauti za majini, akaitwa mtu wa kumsomea, akamsomea sikioni kwa sauti, na baba akalia machozi. Sisi tukafurahi, mwanangu. Tukasema dua zimemgusa.

Kila Ijumaa, nikisharusha ile ndoo, ndipo alipolivuta sikio kuliko siku zote, mpaka likawa jekundu, mpaka likachubuka. Mama akamkata kucha. Mwishowe akamvalisha soksi mkononi asijiumize. Huo mkono wa kushoto ndio uliokuwa ulimi wake, na sisi tukaufunga kwa soksi, kwa mapenzi. Nikilifikiria hilo natamani ardhi ipasuke.

Baba alikuwa na rafiki yake tangu udogoni, Maalim Bakari, ambaye ndiye aliyetusomesha sote hapa mtaani. Wakati huo alikuwa amehamia Likoni kusomesha, habari zikachelewa kumfika. Alikuja Ijumaa moja kabla ya swala. Mie nimetoka kumwagia Tofi ndoo zake mbili, nikampa Maalim shikamoo yake, nikamletea kahawa. Amekaa kitandani kwa baba, amemshika ule mkono wenye soksi, anamtazama tu. Huko nje Tofi akatikisa kichwa, pa pa pa, kisha akalia. Kilio chembamba. Na baba akauchomoa mkono mikononi mwa rafiki yake, akaupeleka sikioni, na ile soksi yake.

Maalim akauliza hii soksi ya nini. Mama akamweleza yote, mafuta, muuguzi, na yule aliyesoma. Maalim alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama dirisha, akamtazama baba, akamwinamia.

"Athumani," akamwuliza polepole, "ni sikio lako, ama la huyo wa nje?"

Baba akafumba macho. Kichwa chake kikaenda mbele, kikarudi, kikaenda mbele tena, na machozi yakamtiririka mpaka shingoni. Nilisimama na birika la kahawa mkononi.

Maalim aliinuka akatoka uani, sisi nyuma yake. Akakunja mikono ya kanzu, akapiga magoti kwenye matope yale niliyoyafanya mie, akamwita Tofi kwa jina. Tofi akaja akiyumba, kichwa kimelalia upande mmoja, na bado, mwanangu, bado mwili mzima ukimtikisika kwa furaha kwamba kuna mtu. Maalim akalinyanyua sikio. Manyoya yameganda, sikio limefura, ndani ni usaha na funza. Harufu ikatupiga, mama akaziba pua kwa leso. Maalim hakuziba pua. Akauliza ni nani amekuwa akimgusa huyu mbwa tangu Athumani augue. Mama ndiye aliyejibu kwamba Maalim, mbwa ni najisi.

"Najua ni najisi, mie ndiye niliyewasomesha," Maalim akasema. "Mliambiwa mkimgusa muoshe kwa maji na mchanga. Nani aliwaambia msimguse?"

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Akaomba maji na mchanga, nikamletea kopo la baba, na pale bombani akaosha mikono yake taratibu, mara moja baada ya nyingine, mbele yetu, ili tuone kwamba haikuwa kazi kubwa. Mbwa ambaye hatukutaka kumshika kwa sababu ya kuosha mikono, kuosha kwenyewe hakukufika muda wa kuchemka chai.

Tukamleta daktari wa mifugo siku ile ile. Akamchungulia Tofi, akauliza nani alikuwa akimmwagia maji bila kumkausha. Akatueleza kwamba masikio haya ya kuning'inia hayapitishi upepo, maji yakiingia yanakaa, na kwa joto la Pwani yanaoza upesi. Akasema ugonjwa ungewahiwa mapema, dawa ndogo tu na kitambaa kikavu vingetosha. Sasa ugonjwa umeingia ndani ya kichwa, mbwa mwenyewe mzee, hana nguvu. Kilichobaki ni sindano ya kumpumzisha. Ile ile sindano ambayo baba alimwepusha nayo kule Nyali.

Mama akasema baba aagane naye kwanza. Tukambeba kwenye kiti mpaka uani, tukamvua ile soksi. Mama mwenyewe akalitoa lile shati msumarini akamvika juu ya fulana. Tofi akaja akaweka kidevu juu ya paja la baba, lile paja lisilokuwa na hisia. Baba akaupeleka mkono wa kushoto, akalinyanyua sikio, akalichungulia kwa muda. Kisha akalishusha taratibu, akaligandamiza kwa kiganja, akaacha mkono pale mpaka daktari alipomaliza kazi yake. Hakututazama hata mmoja wetu. Tulimzika Tofi nyuma ya kibanda, na Maalim akaosha mikono kwa mara ya pili siku ile.

Baba hakushika tena sikio lake. Wageni walikuja wakasema alhamdulillahi, naona lile sikio limepona. Mama akainuka akaenda jikoni. Baba aligeuza uso ukutani, upande usio na dirisha, na huko ndiko alikotazama mpaka alipokufa kabla masika nyingine haijafika. Nilimlisha uji, nilimwogesha, nilimwomba radhi kwa kila neno ninalolijua. Alinywa uji. Radhi sijui kama alitoa, maana hakuwa na ulimi wa kuitoa, na ule mkono aliokuwa akisema nao hakuunyanyua tena. Mama naye aliondoka duniani akiniuliza, unadhani babako alitusamehe? Nikimwambia ndiyo, mama. Sikujua. Mpaka leo sijui.

Sasa sikia, mwanangu, na usiniitikie upesi.

Mbwa huyu atakupenda, hilo halina shaka, na atawapenda wanao, na mumeo akinuna atampenda vile vile. Lakini kupendwa si kazi. Kazi ni kunyanyua hayo masikio kila siku, siku unayotaka na siku umechoka, uyachungulie, uyanuse, na akilowa hata kwa mvua ndogo uyakaushe wewe, si jua, wewe. Umchane manyoya kabla hayajafanya mafundo. Umwangalie kupe. Usimfungie peke yake kutwa ukadhani chakula kinatosha, maana huyu alizaliwa akae na watu. Akianza kunuka, usiseme ndiyo hali ya mbwa. Harufu ni habari, ifuate ujue yatoka wapi. Na mumeo akikwambia ni najisi, usibishane naye, amesema kweli. Mwonyeshe bomba na mchanga vilipo. Kama hakuna kati yenu atakayekubali kumshika, mrudishe leo hii kwa mwenzio, mbwa bado mdogo, hajakuzoea. Kumrudisha si dhambi.

Na jambo kubwa zaidi ni hili. Baba yangu alijua kila kitu na hakumfundisha mtu, kwa haya tu, na sisi hatukumwuliza, kwa kudharau tu. Wewe wafundishe wanao, wafundishe wakiwa wamemshika mbwa, si kwa mdomo. Unachokipenda kisiwe siri yako. Watu wa nyumbani mwako wajue unakipendea nini na kinatunzwaje, wangali wanaweza kukuuliza na wewe ungali unaweza kujibu. Ulimi ni wa kuazima, mwanangu. Unaondoka bila kuaga.

Najua utasema ndiyo bibi. Najua pengine mwezi wa tatu utachoka na brashi, na mtoto ataachiwa kazi, na mtoto atasahau. Nimeishi sana, siwezi kukudanganya kwamba naona vingine. Lakini umekuja na mkono wako umemshika, na sisi hatukufika hata hapo.

Basi Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyoona kinyaa kwa kiumbe chake, akupe pua ya kunusa maradhi mapema, akupe mume mwenye kusikia. Awajaalie wanao huruma isiyongoja kukemewa. Na mie umri umekwenda, shinikizo la damu ninalo, na dawa zenyewe wazijua. Siku ulimi wangu ukifungika, nikabaki na mkono mmoja tu wa kuonyesha, Mungu akupe subira ya kutazama kule ninakoonyesha, usinivishe soksi. Amin.

Haya, mlete hapa nimshike masikio. Na nenda bombani ukanijazie hilo kopo la mchanga.